Mwongozo kamili: siku nzima kwa baiskeli ya umeme kati ya maziwa ya Engadin, kutoka St. Moritz hadi Lago Bianco

Wengi wanaojaribu safari hii huishia Morteratsch, kituo cha treni kilicho njiani. Betri imekata, baiskeli ya kilo 24 au 25 imegeuka mzigo, na ziwa la mwisho, ambalo ndilo zuri kuliko yote, bado liko mita 340 juu yao. Wanageuza, wanapanda treni, wanalaumu betri.

Betri haina kosa. Kilichotokea ni kwamba saa tatu za kwanza, kwenye njia ya karibu tambarare kando ya maziwa, zimeendeshwa kwa Turbo, yaani hali ya msaada mkubwa kabisa wa mota. Chaji imeliwa mahali ambapo miguu ingetosha, na mlima ulipofika hakukuwa na cha kupandia. Mwongozo huu umepangwa kuzuia jambo hilo moja, pamoja na mengine madogo yanayokwamisha watu njiani.

Njia yenyewe iko Engadin ya Juu, mkoa wa Graubünden, kusini-mashariki mwa Uswisi. Unaanza St. Moritz Bad, unakwenda Maloja kupitia maziwa ya Champfèr, Silvaplana na Sils, unarudi St. Moritz, unapita Lej da Staz hadi Pontresina, kisha unapanda hadi Lago Bianco kwenye mita 2,234 na kuteremka. Jumla ni kama kilomita 74 na mita 900 na kitu za kupanda. "Lej" ni "ziwa" kwa Kiromanshi, lugha ya huko. Utaliona neno hilo kwenye kila bango.

## Vifaa

Baiskeli. Ya milimani, yenye mota ya katikati (penye pedali), shoki mbele na nyuma, na betri ya wati-saa 625 au zaidi; wati-saa ni kipimo cha nishati inayobebwa na betri. Ya wati-saa 500 inaweza, ila kwa masharti tutakayoyataja. Kama unatoka Nairobi, Dar es Salaam au Muscat, usipange kuja na betri yako: ndege za abiria hazipokei betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na betri ya baiskeli hii inapita kiwango hicho mara tatu au nne. Kodi huko huko. Maduka ya kukodisha yapo St. Moritz, Silvaplana na Pontresina.

Chaja. Iombe dukani hata kama hawajakutajia. Soketi za Uswisi zina matundu matatu ya aina yao. Plagi nyembamba ya pini mbili ya Ulaya inaingia, ile nene ya duara ya Kijerumani haiingii, na ya pini tatu za mraba ya Kenya na Tanzania inahitaji adapta. Hilo la mwisho ni kwa ajili ya simu yako.

Vya kurekebishia:
- tyubu moja ya saizi ya tairi lako, hata kama tairi zako hazitumii tyubu
- viraka, vibao viwili vya kung'olea tairi, na vizibo vya kuchomeka vya tairi zisizo na tyubu
- pampu ya mkono
- funguo za Allen za milimita 3 hadi 8 na bisibisi ya nyota ya T25
- kifaa cha kukatia cheni na kiungo kimoja cha haraka cha cheni ya giya 11 au 12, kulingana na baiskeli
- kishikio cha giya ya nyuma cha akiba. Kila modeli ina chake, kwa hiyo mwombe mwenye duka

Vya mwilini. Helmeti, glovu za vidole vyote, miwani, koti la mvua linalozuia upepo, sweta jepesi na glovu za pili kavu. Maji lita 2. Chakula cha kula kila baada ya dakika 45: ndizi, mkate, karanga, tende.

Taa. Nchini Uswisi, tangu 1 Aprili 2022, kila baiskeli ya umeme lazima iwe na taa zimewaka hata mchana. Hakikisha zinawaka kabla ya kutoka dukani.

Bima. Aliyekuja kwa viza ya Schengen tayari ana bima ya angalau yuro 30,000, ila soma maandishi madogo: nyingine haziingizi uokoaji wa helikopta wala michezo ya milimani.

## Hatua ya 1: Chagua siku, kisha uelekeo

Msimu wa kuaminika ni kuanzia katikati ya Julai hadi mwisho wa Septemba. Kabla ya hapo, theluji inaweza kuwa bado imelala kwenye vivuli karibu na Lago Bianco.

Jioni ya kuamkia safari, fungua programu ya MeteoSwiss na uangalie mambo mawili: radi za alasiri na upepo.

Upepo wa bonde hili una tabia ya pekee. Katika mabonde mengi ya Alpi, mchana upepo hupanda bondeni. Hapa hushuka. Unaitwa upepo wa Maloja, na siku za jua huanza kati ya saa 5 asubuhi na saa 7 mchana, ukivuma kutoka Maloja kuelekea St. Moritz. Ndio unaowaleta watu wa matanga na wa kuteleza majini kwa tiara kwenye ziwa la Silvaplana. Kwa mwendesha baiskeli maana yake ni hii: nenda Maloja asubuhi maji yakiwa bado kioo, ili upepo ukianza uwe unarudi nao mgongoni. Anayekwenda Maloja saa 8 mchana anapambana na upepo wa omo kwa kilomita 17, na mota inakula chaji kana kwamba anapanda mlima.

Ratiba ya kawaida, kwa saa za Kiswahili, ni hii. Jumlisha au toa sita unaposoma ratiba ya treni.

- saa 1:30 asubuhi: kuondoka St. Moritz Bad
- saa 3:00: Maloja
- saa 5:00: umerudi St. Moritz Bad
- saa 6:00 mchana: Pontresina, chakula na chaji
- saa 7:00: kuanza kupanda
- kabla ya saa 9:00 alasiri: Lago Bianco
- saa 11:00 jioni: umerudi St. Moritz

Utabiri ukisema radi alasiri, geuza safari. Panda treni ya kawaida ya Rhätische Bahn asubuhi mapema hadi kituo cha Ospizio Bernina, mita 2,253, ukiwa na tiketi ya baiskeli. Epuka treni ya kioo ya watalii, Bernina Express. Hiyo haichukui baiskeli. Teremka hadi Pontresina karibu bila kugusa chaji, kisha maliza na Maloja. Utaupata upepo usoni, lakini betri itakuwa imejaa, na bondeni kuna nyumba za kujikinga. Kule juu hakuna mti hata mmoja.

## Hatua ya 2: Kagua baiskeli kabla ya kulipa

Dakika kumi dukani ni nafuu kuliko saa mbili porini.

Betri. Itoe, itazame meno ya plagi kama ni makavu na masafi, irudishe. Sikiliza mlio wa "kak" wa kufuli. Usipousikia, vuta betri kwa mkono, ikicheza, haijakaa. Betri isiyokaa vizuri hukata umeme kwenye mawe ya kwanza, na wengi hudhani mota imekufa.

Chaji. Iwe asilimia 100 kwenye skrini. Asilimia 92 maana yake tayari umepoteza wati-saa 50 za betri ya 625 kabla ya kuanza.

Kihisi cha mwendo. Kiko karibu na gurudumu la nyuma. Kwenye mota za Bosch zenye sumaku ya spoki, umbali kati ya sumaku na kihisi uwe milimita 5 hadi 17. Sumaku ikizunguka kwenye spoki, mota hukata msaada ghafla.

Breki. Chungulia pedi kwa tochi ya simu. Zikiwa na unene chini ya milimita 1 bila kuhesabu bamba la chuma, zikatae. Bana lever zote mbili: zisifike kwenye usukani.

Tairi. Kwa mtu wa kilo 75 hadi 85 na tairi pana za inchi 2.4 hadi 2.6 zisizo na tyubu, weka bar 1.6 mbele na 1.8 nyuma. Zenye tyubu ongeza bar 0.2. Duka nyingi hujaza bar 2.5 ili wasisumbuliwe na pancha. Kwa shinikizo hilo tairi linaruka juu ya mizizi badala ya kuishika.

Shoki. Kaa juu ya baiskeli ukiwa na mkoba wako. Shoki zizame asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wake. Mkabidhi fundi pampu, ndiyo kazi yake.

Ukikaribia kuondoka, panda kidogo barabarani, badilisha giya zote, funga breki mara tano kwa nguvu. Baiskeli iliyo tayari ni kimya: hakuna mkwaruzo wa diski, hakuna cheni inayorukaruka.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya betri kwenye karatasi

Hapa ndipo safari inapofaulu au kufeli, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Asilimia za skrini hazitoshi, na ule umbali inaokutabiria ni wa kuchukuliwa kwa tahadhari: unakadiriwa kwa namna ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Ukiwa tambarare inakuahidi kilomita 90. Ukianza mlima, 90 inakuwa 30 ndani ya dakika kumi.

Fikiri kwa wati-saa. Mtu wa kilo 80 na baiskeli ya kilo 25 ni kilo 105. Kuziinua mita 100 kunadai takriban wati-saa 29 za kazi tupu, kabla ya msuguano wa tairi na upotevu wa mota. Kazi hiyo mnagawana wewe na mota, na hali uliyoichagua ndiyo inayoamua nani anabeba zaidi. Makadirio ya kufanyia kazi ni haya:

- Eco (msaada mdogo): wati-saa 3 kwa kilomita, na 17 kwa kila mita 100 za kupanda
- Tour au Trail (msaada wa kati): 5 kwa kilomita, na 27 kwa kila mita 100
- Turbo au Boost: 9 kwa kilomita, na 42 kwa kila mita 100

Ukiwa na kilo 100 ongeza sehemu moja kwa tano. Asubuhi ya baridi ongeza tena kidogo, kwa sababu lithiamu iliyopoa hutoa chache; ilaze betri ndani ya chumba, usiiache kwenye banda la nje.

Sasa weka njia yetu. Maloja na kurudi ni kilomita 34 na mita 300 za vijilima vidogo vidogo. Kwa Eco: 102 na 51, jumla 153. Kwenda Pontresina kupitia Staz, kwa Eco, 32. Pontresina hadi Lago Bianco, kilomita 14 na mita 480, kwa Tour: 200. Mteremko ni takriban 10. Kurudi St. Moritz, 32. Yote pamoja ni wati-saa 427. Betri ya 625 inabaki na karibu theluthi yake.

Rudia hesabu kwa Turbo. Maloja na kurudi inakuwa 432. Ukifika Pontresina umetumia 520. Zimebaki 105, na kufika Morteratsch peke yake kunakula kama 88. Hapo ndipo safari za wengi zinapofia, kwenye kilomita ile ile, na hesabu ndiyo inayoonyesha kwa nini.

Bandika asilimia hizi za chaji kwenye usukani kwa utepe, za betri ya 625:

- Maloja: 88
- St. Moritz Bad mara ya pili: 75
- Pontresina: 70
- Lago Bianco: 38
- Mwisho: 32

Kwa betri ya 500, hesabu hiyo hiyo inakufikisha Lago Bianco na asilimia 23 na nyumbani na 15. Ni nyembamba mno. Mwenye 500 achaji Pontresina saa nzima bila kujadiliana. Chaja ya kawaida ya ampea 4 hurudisha takriban wati-saa 140 kwa saa moja.

## Hatua ya 4: St. Moritz Bad hadi Maloja

Anzia kando ya ziwa la St. Moritz, mita 1,768, fuata mabango mekundu ya baiskeli kuelekea Champfèr na Surlej. Njia inapita msituni, changarawe ngumu yenye mizizi hapa na pale.

Weka Eco na uiache hapo. Zungusha pedali mara 70 hadi 90 kwa dakika. Mota hizi hufanya kazi vizuri miguu ikizunguka upesi kwa giya nyepesi. Ukikanyaga polepole kwa giya nzito, mota inapata moto, inakula zaidi na inakupa kidogo.

Kila unapobadilisha giya, legeza mguu kwa nusu sekunde. Nguvu ya mota ikijumlika na ya mguu wakati cheni inahama kutoka jino hadi jino, cheni hukatika. Ni hitilafu ya kawaida kabisa kwa wageni wa baiskeli hizi.

Baada ya Surlej unashika ukingo wa kusini wa ziwa la Silvaplana, upande wa mlima Corvatsch, hadi Sils Maria. Hapa ni rahisi, nenda tu. Sils kuna mikokoteni ya farasi inayokwenda Val Fex: punguza mwendo, sema neno ili farasi akusikie, pita kwa nafasi.

Kutoka Sils hadi Maloja njia hufuata ukingo wa kusini wa ziwa la Sils kupitia kijiji cha Isola. Kabla ya Isola inakuwa nyembamba, mawe na mizizi upande mmoja, maji upande wa pili. Watembea kwa miguu ndio wenye haki ya kwanza katika njia zote za Graubünden. Piga kengele ukiwa mbali, simama wakifika, salimu. "Allegra" ndiyo salamu ya huko. Bango likikataza baiskeli, shuka usukume.

Karibu na Isola kuna malisho. Ukikuta ng'ombe na ndama, usipite katikati yao hata kama njia ndiyo hiyo. Shuka, zunguka mbali, baiskeli ikiwa kati yako na mama. Lango la uzio ulilolifungua, lifunge.

Ukifika Maloja ukiwa na asilimia 85 au zaidi, na hujahema, umeendesha ipasavyo. Chini ya 80, maana yake umeiacha Tour ikiwaka bila kujua.

Neno kwa wanaotoka pwani: usawa huu wa mita 1,800 ni kama ule wa Nairobi. Mtu wa Nairobi hatahisi kitu. Mtu wa Mombasa au Zanzibar aliyefika jana atahema mapema kuliko alivyozoea. Alale usiku mmoja zaidi kabla ya safari na anywe maji kabla ya kiu.

## Hatua ya 5: Kurudi St. Moritz

Njia ni ile ile. Kama upepo umeanza, utausikia mgongoni baada ya Sils. Zima msaada kabisa kwenye vipande vya tambarare. Upepo unafanya kazi ya bure. Vipande hivyo vinaweza kukuokolea asilimia 3 hadi 5, nazo utazihitaji juu.

## Hatua ya 6: Lej da Staz na uamuzi wa Pontresina

Kutoka St. Moritz Bad panda msitu wa Staz. Baada ya kilomita mbili na nusu miti inaachana na unatokea kwenye ziwa dogo la maji meusi ya udongo wa kinamasi, lenye magati ya mbao. Watu huogelea hapa kwa sababu maji yake hupata joto kuliko ya maziwa makubwa. Dakika kumi zinatosha leo.

Pontresina ni chini ya nusu saa mbele, kwenye mita 1,805. Tafuta mgahawa, omba ruhusa ya kuchaji kabla ya kuagiza chakula, chomeka chaja ukutani kwanza kisha kwenye betri. Betri ikiwa imechomwa na jua, iache kivulini dakika kumi na tano ipoe kabla ya kuichaji.

Kisha amua, kwa ukweli:

- Chaji iko juu ya asilimia 65, mbingu safi: panda.
- Iko kati ya 55 na 65: subiri saa nzima ya chaji, halafu panda.
- Iko chini ya 55 na ni baada ya saa 7:30 mchana: nenda hadi Morteratsch utazame barafuto (mto wa barafu), urudi. Ni siku nzuri hata hivyo.
- Mawingu yanayopanda kama koliflawa juu ya mlima Piz Palü, au ngurumo yoyote: usipande.

## Hatua ya 7: Kupanda hadi Lago Bianco

Mpaka Morteratsch, mita 1,896, ni mwinuko mpole kando ya reli. Eco bado inatosha. Huwezi kuamini hivyo ukitazama milima mbele, lakini inatosha.

Baada ya Morteratsch, karibu na maporomoko ya maji ya mto Bernina, njia inainuka ghafla. Hapa ndipo Tour inapowashwa, na hapa tu, kwenye kipande cha mwinuko mkali kabisa, unaruhusiwa Turbo kwa dakika mbili tatu.

Namna ya kupanda mwinuko wenye mawe:

Kaa mbele ya kiti, kifua chini kuelekea usukani, viwiko vimekunjwa. Uzito ukibaki nyuma, gurudumu la mbele linainuka na mota inakurusha mgongoni.

Chagua giya nyepesi kabla ya mwinuko kuanza, si katikati yake.

Usiache kuzungusha. Ukisimamisha miguu ili kuvuka jiwe, msaada unakufa pale pale unapouhitaji. Panga pedali ziwe sawia kabla ya jiwe, kisha vuka kwa nusu mizunguko mifupi.

Ukisimama, usiondoke kwa Turbo. Rudi Eco, mguu mmoja juu, breki ya nyuma imebanwa, legeza polepole. Ukishindwa, tumia hali ya kusukuma: baiskeli inatembea yenyewe kwa mwendo wa mtu na wewe unaiongoza tu. Hakuna aibu, kilo 25 ni kilo 25.

Bernina Suot, mita 2,046, miti inaisha. Vaa koti hapa, kabla hujasikia baridi. Njia inakuwa laini tena, unapita vituo vya Diavolezza na Lagalb, na maziwa mawili madogo yanajitokeza kwa kufuatana: Lej Pitschen, yaani ziwa dogo, na Lej Nair, ziwa jeusi.

Simama kwenye ukingo wa Lej Nair utazame. Maji yake ni meusi kama chai kavu. Hatua chache mbele, nyuma ya ukuta wa bwawa, Lago Bianco ni jeupe la rangi ya maziwa yaliyotiwa buluu, kwa sababu ya unga wa mawe uliosagwa na barafu. Tone linalotoka ziwa jeusi linashuka mto Inn, linaingia Danube na kuishia Bahari Nyeusi. Linalotoka jeupe linaelekea mto Po na Bahari ya Adria. Kati yao ni matembezi mafupi tu. Wanaokata betri Morteratsch hawaoni haya, na ndiyo sababu tumekusumbua na hesabu.

Usifuate magari hadi kwenye pasi ya barabara. Hiyo iko mita 2,328. Ni mita 90 za chaji bila faida yoyote. Kaa na reli.

Mafanikio hapa: asilimia 35 au zaidi, kabla ya saa 9 alasiri.

## Hatua ya 8: Kuteremka

Kula kwanza. Ajali nyingi za mteremko hutokea mikono ikiwa imechoka na sukari imeshuka.

Shusha kiti kabisa. Vaa glovu kavu na funga koti mpaka shingoni; mita 2,250 ni baridi kwa nyuzi kama 3 kuliko Pontresina, na mwendo wako unaongeza baridi juu yake.

Simama kwenye pedali, zikiwa sawia, magoti na viwiko laini. Breki kwa kidole kimoja kila upande. Funga kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, funga tena. Anayebana kidogo kidogo bila kuachia anapasha moto diski, mafuta ya breki yanachemka na lever inazama hadi kwenye usukani. Baiskeli hii ni nzito kuliko ya kawaida kwa kilo kumi, na joto lote hilo linabebwa na pedi zile zile ndogo. Ukisikia harufu ya kuungua, simama dakika kumi. Usimwage maji kwenye diski yenye moto, inajipinda.

Kipande cha maporomoko karibu na Morteratsch, ambacho ulikipanda kwa shida, shuka kwa miguu kama hujazoea mawe.

Ukichoka, Ospizio Bernina na Morteratsch vyote vina vituo vya treni.

## Vikiharibika njiani

Mota imekata, skrini inawaka. Tazama sumaku ya gurudumu la nyuma kwanza. Irudishe mahali pake, zima mfumo, hesabu hadi kumi, washa.

Skrini imezima kabisa. Toa betri, futa tope kwenye meno, irudishe mpaka "kak".

Msaada umepungua mlimani bila ujumbe. Mota ina joto. Giya nyepesi zaidi, Eco, au pumzika kivulini dakika tano.

Giya zinaruka baada ya kuanguka. Kishikio cha giya kimepinda. Usiingie giya nyepesi kabisa, ile ya duara kubwa la meno nyuma. Mkono wa giya utaingia kwenye spoki na kuvunja vyote. Badilisha kishikio.

Pancha kwenye tairi lisilo na tyubu. Chomeka kizibo, jaza upepo. Mpasuko ukizidi kizibo, weka tyubu. Zima mfumo kwanza kabla ya kung'oa gurudumu.

Radi. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Chini ya 30, ondoka sehemu ya wazi, achana na baiskeli na uzio wa waya, ingia kituo cha treni au nyumba. Usitoke mpaka dakika 30 zipite bila ngurumo.

Mtu ameumia. Piga 144 kwa gari la wagonjwa au 1414 kwa helikopta ya Rega. 112 inafanya kazi pia. Bila mtandao, toa ishara sita ndani ya dakika moja, za filimbi au tochi, nyamaza dakika moja, rudia. Ukijibiwa mara tatu kwa dakika, umesikika.

Betri imekata. Giya nyepesi kabisa, teremka hadi kituo cha treni kilicho chini yako. Usijaribu kukanyaga kupanda.

Ukimaliza safari na kesho unaendelea, usiichaji betri ikiwa bado ya moto. Iache ndani dakika 30, ichaji hadi 100 usiku ule ule. Kama hutaigusa kwa wiki kadhaa, iache kati ya asilimia 30 na 60, mahali pakavu.